Tumeuza sauti za wazee wetu kwa bei ya mtumba

Wahenga walinena kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi ninalo kovu ambalo kwa zaidi ya miaka 30 nimelificha chini ya shughuli za kila siku, na sikutarajia kwamba lingekuja kutoneshwa na kipande cha plastiki nyeusi chenye upana wa sentimita 30 hivi, nilichokinunua Jumamosi moja katika soko la Kenyatta, jijini Nairobi, kwa shilingi 1,500. Kipande hicho ni sahani ya santuri, tena ya mtumba. Ndani yake mna mtu mmoja tu akipiga piano peke yake, bila mwimbaji, bila ngoma, bila gitaa. Naomba, msomaji mpenzi, univumilie nikueleze kwa nini sahani hiyo imenifanya nishike kalamu.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mfanyakazi wa reli. Katika nyumba yake ya chumba kimoja huko Makongeni hapakuwa na anasa yoyote isipokuwa gramafoni ya betri na kasha la mbao lililojaa sahani. Nyingi zilikuwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za akina Daudi Kabaka, Fadhili William na Gabriel Omolo. Chache zilikuwa kubwa, za mizunguko 33 na theluthi, za muziki wa kutoka ng'ambo, alizozinunua kwa watu waliokuwa wakihama na kuuza vyombo vyao. Jumapili jioni, akishaoga, aliichagua moja, akaipangusa kwa kitambaa cha pamba akifuata mviringo wake, akaishusha sindano taratibu, kisha akanyanyua kidole kututaka sote tunyamaze. Hatukuthubutu hata kukohoa.

Alifariki dunia mwaka 1991. Mjane wake alirudi mashambani pamoja na watoto, nami nikaachiwa jukumu la kuihamisha nyumba kabla mwezi haujaisha. Nilikuwa kijana mwenye haraka. Wakati huo kaseti zilikuwa zimeenea kila pembe ya nchi na gramafoni ilionekana kuwa kitu cha wazee walioachwa na wakati. Mchuuzi mmoja alipita na mkokoteni, akalitazama kasha lile, akanipa shilingi 300. Nilizipokea. Sikumwuliza shemeji. Sikumwuliza mama. Nilizitumia fedha hizo kulipia lori, na jambo lile likaisha. Au ndivyo nilivyodhani.

Mwaka jana binti ya marehemu, ambaye baba yake alimwacha akiwa na umri wa miaka mitano, alinitembelea nyumbani. Tulipokwisha kunywa chai akaniambia, "Baba mdogo, kuna wimbo ambao baba alikuwa akiuweka usiku nikiwa nimelala. Haukuwa na maneno, ulikuwa kinanda kitupu. Nimeutafuta kwenye simu nikachoka. Sahani za baba ziko wapi?" Kisha akauvumisha wimbo wenyewe, midomo imefungwa, macho yakitazama sakafuni. Sikuutambua. Nikamjibu kwamba sahani zililowa mvua zikaharibika. Mimi, mtu mzima mwenye mvi, nilimdanganya yatima kuhusu urithi wa baba yake.

Uongo ule ndio ulionipeleka sokoni. Wengi hulijua soko la Kenyatta kwa nyama ya kuchoma na ususi, lakini ndani humo pana vibanda ambamo sahani za kale hupangwa wima kama vitabu maktabani. Nilikwenda nikiwa na matumaini ya kipumbavu kwamba huenda nikaliona tena kasha la kaka yangu. Sikuliona, bila shaka. Nikamwuliza muuzaji kama anayo sahani yoyote ya kinanda kitupu. Akapekuapekua, akanitolea moja, akasema kwa upole, "Mzee, hii haina kuimba hata kidogo. Wateja huisikiliza kidogo wakairudisha." Nikamwambia ndiyo ninayoitafuta.

Juu ya jalada kulikuwa na jina la Dollar Brand na la sahani yenyewe, African Piano. Nyuma, pembeni, mkono wa mtu nisiyemjua ulikuwa umeandika kwa wino wa buluu maneno mawili: "Ukiazima, rudisha." Niliyasoma nikiwa nimesimama pale kibandani, nikahisi kana kwamba ninakemewa mbele za watu.

Ni nani huyu Dollar Brand? Alizaliwa mjini Cape Town, Afrika Kusini, Oktoba 9, 1934, akaitwa Adolph Johannes Brand. Alianza kujifunza piano akiwa na umri wa miaka saba, katika familia ambamo nyanya yake alipiga kinanda kanisani. Ama jina la "Dollar", inasimuliwa kwamba lilitokana na tabia yake ya kutembea na dola mfukoni ili aweze kununua sahani za jazi kwa mabaharia wa Marekani waliotia nanga katika bandari ya Cape Town. Hebu litafakari jambo hilo, msomaji. Mpiga piano ambaye baadaye dunia nzima ilimsikiliza alipata sehemu kubwa ya elimu yake katika sahani zilizotoka mikononi mwa watu wengine. Mtumba ndio uliokuwa shule yake.

Mwaka 1960 yeye pamoja na wenzake, miongoni mwao Hugh Masekela, Jonas Gwangwa na Kippie Moeketsi, wakijiita Jazz Epistles, walirekodi mjini Johannesburg sahani kubwa ya kwanza ya jazi kutengenezwa na kundi la Waafrika weusi nchini humo. Zilichapwa nakala 500 tu. Machi 21 mwaka huo huo polisi wakawaua watu 69 huko Sharpeville, serikali ikatangaza hali ya hatari na mikutano ikapigwa marufuku. Kundi likasambaratika. Brand aliondoka nchini mwaka 1962 akaenda Zurich, Uswisi, na huko mwaka uliofuata mkongwe Duke Ellington alimsikia akipiga, akampeleka Paris kurekodi. Mwaka 1968 alisilimu, akachukua jina la Abdullah Ibrahim, ambalo ndilo analojulikana nalo hadi leo.

Sahani niliyoinunua ilirekodiwa Oktoba 22, 1969, katika klabu ya Jazzhus Montmartre, mjini Copenhagen, Denmark. Mwaka huo sisi Wakenya twaukumbuka kwa machungu yetu wenyewe, kwani ndio uliomchukua Tom Mboya. Yeye alikuwa na umri wa miaka 35, mbali na kwao, katika ukumbi ambao watu walikuja kujiburudisha kwa vinywaji. Alianza na kipande alichokiita "Bra Joe from Kilimanjaro". Neno "bra" katika usemi wa mitaa ya Afrika Kusini ni kaka. Kwa hivyo kipande cha kwanza nilichokisikia katika sahani niliyoinunua kwa ajili ya deni la kaka yangu kilikuwa na kaka katika jina lake, na mlima ambao siku ya mawingu machache huonekana kutoka upande wetu wa mpaka.

Nimeisikiliza mara nyingi tangu siku hiyo. Kwa zaidi ya dakika 10 mkono wa kushoto hurudia mzunguko mmoja mzito wa noti za chini, tena na tena, kama mtu anayetwanga usiku wakati wengine wamelala. Mkono wa kulia huja juu yake, ukauliza, ukabisha, ukapiga kelele, ukanyamaza. Wa kushoto hauachi. Mahali pengine noti zinasimama pamoja kama waumini wanaoinuka kuimba, na hapo unaitambua kazi ya nyanya kanisani. Mwanzoni nilichoka, nikamwelewa yule mteja aliyeirudisha. Mara ya tatu nikaelewa kwamba mtu aliye peke yake jukwaani hana wa kumsitiri akikosea, wala hana wa kumshikia mdundo akichoka. Hana budi aushike mwenyewe. Mkono ule wa kushoto ndio nyumba yake aliyoikosa. Akiuacha, hana pa kusimama.

Sahani yangu ina mikwaruzo. Mahali pawili sindano huruka. Kwa wasiojua, sauti katika sahani hizi imechongwa katika mfuo mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu, na sindano husoma mitikisiko ya kuta za mfuo huo. Chembe ya mchanga au kucha ya mtoto yatosha kuacha alama isiyofutika. Ukiilaza sahani kwenye jua, itajipinda. Lakini ikisimamishwa wima kivulini, ikakingwa na vumbi, itaishi kuliko aliyeinunua.

Kuna mikwaruzo ya aina nyingine ambayo yafaa tuitaje. Enzi za ubaguzi wa rangi, redio ya taifa ya Afrika Kusini ilikuwa na maktaba kubwa ya sahani, na wakaguzi wake waliamua wimbo upi usikike na upi usisikike. Wimbo uliokataliwa haukupigwa marufuku kwa karatasi tu. Walichukua kitu chenye ncha wakaukwaruza mfuo wake makusudi, ili hata mtangazaji jasiri asiweze kuupiga. Serikali ile ilielewa jambo ambalo sisi hatujalielewa: kwamba sauti ya watu ni mali, na kwamba anayetaka kuwasahaulisha watu nafsi zao huanza na kumbukumbu zao.

Sasa nauliza, sisi nani alitukwaruzia? Humu nchini katika miaka ya 1970 mtaa wa River Road ulijaa watayarishaji na maduka ya muziki. Bendi zilitoka Tanga na Kinshasa zikaja kurekodi Nairobi. Sahani zilichapwa hapa hapa, katika Kiswahili, Kijaluo, Kikamba, Kikuyu, Kiluhya na lugha nyinginezo. Hakuja mkaguzi mwenye msumari kuziharibu. Ni sisi wenyewe tulioziuza kwa wachuuzi wa mikokoteni, tuliozigeuza kuwa vifuniko vya mitungi, tuliowapa watoto wazirushe uwanjani. Dikteta alihitaji maktaba, wakaguzi na mishahara ili kuifanya kazi hiyo. Mimi niliifanya kwa asubuhi moja, nikapewa shilingi 300.

Najua kuna atakayenijibu kwamba haya ni maombolezo ya mzee, kwani siku hizi kila muziki umo ndani ya simu. Kwa haki kabisa nakiri kwamba sahani hiyo ya Copenhagen hata mimi nimeipata katika simu ya mwanangu, tena bila mikwaruzo. Lakini hebu tufuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Muziki haujipandi wenyewe kwenye simu. Umo humo kwa sababu kuna mtu, au kampuni, aliyeutunza mkanda wa asili au nakala safi ya sahani kwa miaka 50. African Piano ilitolewa mwaka 1973 na JAPO, lebo ndogo iliyokuwa chini ya ECM ya mjini Munich, na wenyewe wameendelea kuitunza. Je, ile sahani ndogo ya bendi ya kijijini kwenu, iliyochapwa nakala mia chache kisha mtayarishaji akafunga duka, nani ameitunza? Ikiwa nakala ya mwisho iko chini ya kitanda cha nyanya yako, na wewe unangoja mchuuzi apite, basi simu haitakusaidia kitu. Simu ni ghala. Haiwezi kukupa kile ambacho hakuna aliyekiweka.

Zile nakala 500 za Jazz Epistles zingeweza kutoweka kabisa. Kundi lilivunjika, wenyewe wakatawanyika Ulaya na Marekani, na Kippie Moeketsi, aliyebaki nyumbani, akafariki mwaka 1983 kabla ya kuiona nchi yake huru. Lakini leo muziki ule unasikika, kwa kuwa waliokuwa na nakala hawakuzitupa. Brand mwenyewe alirekodi "Mannenberg" mjini Cape Town mwaka 1974, nao ukawa kama wimbo wa taifa usio rasmi wa wale waliopinga ubaguzi. Mei 10, 1994, Nelson Mandela alipoapishwa kuwa rais, Abdullah Ibrahim alikuwapo miongoni mwa waliotumbuiza. Kumbukumbu iliyotunzwa kwenye makasha na vyumbani ilifika ikulu.

Hapa kwetu tunao mfano wa kujivunia. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, alitumia maisha yake kukusanya vitabu, barua, nguo na kazi za sanaa za Kiafrika wakati ambapo wengi waliviona vitu hivyo kuwa takataka au ushenzi. Leo sehemu kubwa ya mkusanyo wake imo katika Jumba la Kumbukumbu za Kitaifa, kando ya barabara ya Moi, na mwananchi yeyote aweza kuingia akauona. Murumbi hakungoja kamati. Aliona, akanunua, akahifadhi. Lakini watu wa aina yake ni wachache, na taifa haliwezi kutegemea mapenzi ya mtu mmoja mmoja.

Kwa hivyo natoa rai. Tangu mwaka 2013 tuna serikali 47 za kaunti, na kila moja ina idara inayoshughulikia utamaduni. Aghalabu idara hizo husikika siku za sherehe tu, wachezaji wanapohitajika kumlaki mheshimiwa. Nazisihi zitenge chumba kimoja, ziweke gramafoni nzuri na mashine ya kunakili sauti, ziajiri kijana mmoja mwenye masikio na subira. Mwananchi mwenye sahani ya kale aalikwe kuileta. Inakiliwe akiwa anangoja, jina lake na la kijiji chake liandikwe, kisha arudi nayo nyumbani. Asinyang'anywe mali yake. Gharama ya chumba hicho ni ndogo kuliko ya hema moja la sherehe. Nao wale wauzaji wa vibandani, ambao wengi huwadharau kama wauza takataka, washirikishwe na waheshimiwe, maana bila wao hata hiki kidogo kilichosalia kingekuwa kimeyeyushwa zamani.

Lakini haitakuwa haki nimalizie kwa kuinyoshea serikali kidole ilhali vidole vingine vinanielekea mimi. Jumapili iliyopita nilimwita binti ya kaka yangu. Nilimkalisha, nikamweleza ukweli wote: mkokoteni, shilingi 300, na uongo wa mvua. Hakulia wala hakunigombeza. Alinyamaza kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko adhabu yoyote. Kisha akasema, "Afadhali mvua, baba mdogo. Mvua ningeisamehe haraka."

Sikuwa na jibu. Niliitoa sahani ile kwenye jalada lake, nikaipangusa kwa kitambaa nikifuata mviringo, jinsi nilivyomwona baba yake akifanya, nikaishusha sindano. Mkono ule wa kushoto ukaanza kutwanga. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, nami nikamtazama usoni nikitafuta dalili yoyote kwamba huenda Mungu amenihurumia. Upande wa kwanza ulipokaribia kwisha akatikisa kichwa. "Sio wenyewe," akasema. "Wa baba ulikuwa wa taratibu zaidi." Niliponyanyuka kwenda kuzima, akanishika mkono. "Usizime. Uache ufike mwisho."

Wimbo wa kaka yangu haujapatikana, na huenda usipatikane kamwe. Hilo ndilo deni langu, na sina wa kulilipia. Lakini wewe, msomaji, huenda deni lako bado halijaiva. Leo jioni ukifika nyumbani, angalia juu ya kabati na chini ya kitanda cha wazee wako. Ukilikuta kasha, usilifungulie mlango wa mchuuzi kabla hujawauliza wenyewe, na hasa watoto, wanakumbuka nini. Mali ya marehemu kwetu sisi ni ya kuazima tu, na yule ndugu wa wino wa buluu alikwisha kutuandikia la kufanya.